Wasomaji Wanauliza: Nistatini ndani ya bitana ya meno bandia

SWALI: Mimi ni tabibu wa meno. Nina mama wa miaka 68 mwenye wekundu kwenye kaakaa, umbo lake sawasawa na meno yake bandia ya juu. Nilisaga kidonge cha nistatini, dawa ya fangasi, nikakichanganya na bitana laini ya muda, ile tabaka inayowekwa ndani ya meno bandia. Siku ya tatu bitana ikawa na vitundu na kuanza kumeguka. Nilikosea wapi?

JIBU: Dawa ni sahihi, tabibu, kilichokuharibia ni kidonge. Uniti 500,000 za nistatini safi ni kama gramu 0.1 tu. Uzito mwingine wote wa kidonge ni wanga, sukari na ganda. Hivyo vikilowa mate huyeyuka na kuacha vitundu, na fangasi hujificha humo humo. Agiza famasia unga safi. Ile ya maji ya kudondoshea watoto iache kabisa, maana ina maji na sukari.

Kabla ya kuweka bitana, loweka meno dakika 10 kwenye sehemu 1 ya dawa ya kung'arishia nguo ya 3.5% kwa sehemu 6 za maji, kisha suuza sana. Yenye chuma usiyaloweke humo, yataliwa. Kwangua akriliki, yaani plastiki ya meno hayo, milimita 1 hadi 2 upande wa kaakaa ili bitana ipate unene. Changanya nistatini na unga wa bitana vikiwa vikavu mpaka umanjano wa dawa usionekane kwa mabaka, ndipo umimine kimiminika kwa kipimo cha mtengenezaji. Ukiona uji mzito, usiongeze tone; bitana itakuwa dhaifu. Tandaza, mama aume taratibu, ukate kingo ikishaganda.

Siku ya 7 ibandue, uweke mpya. Kilainishi chake huvuja mdomoni kila siku, hivyo hukakamaa hata kama kwa macho inaonekana nzima.

Kuna kosa jingine tunaloliona sana: mgonjwa kupewa klorheksidini, dawa ya kuua vijidudu, ya kusukutua wakati huo huo. Ikikutana na nistatini huungana nayo, zote zikapoteza nguvu. Chagua moja.

Usiku avue meno, ayaweke kwenye maji. Wiki mbili zikipita wekundu ukiwa pale pale, mpime sukari na VVU, muulize kama anavuta dawa ya pumu yenye steroidi. Ukitaka kumpa flukonazoli, dawa ya fangasi ya kumeza, uliza kwanza kama anatumia warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, kwani zikitumika pamoja huongeza hatari ya kuvuja damu.