Fundi, nikihamia HD nitaona tofauti?

*Swali: Shikamoo fundi. Niko Kiborloni, Moshi. Nina TV bapa ya zamani ya inchi 32 na deki ya DVD. Nataka kununua TV ya Full HD, sinema zionekane vizuri, pia DVD ya harusi yetu ya 2009 itakate. Nitapata faida au natupa hela?*

Marahaba. Kabla hujatoa hata shilingi, chukua tepu upime kutoka kwenye kochi hadi kwenye TV.

Picha ya DVD ina nukta 720 kwa 576. Full HD ina 1920 kwa 1080, yaani mara tano. Lakini nukta hizo zina maana pale tu jicho linapoweza kuzitenganisha. Kwa inchi 32, ukikaa mbali kama mita tatu au zaidi, hata mwenye macho mazima hutofautisha kwa shida DVD safi na Full HD. Na sebule zetu tunazijua: kochi limeegemea ukuta huu, TV iko ukuta ule, katikati mita tatu au zaidi. Ukiwa hapo, kutoka inchi 32 kwenda inchi 32 nyingine ni kutupa hela kweli. Chukua 55, au sogeza kochi (hilo ni bure).

Halafu waya. Juzi niliitwa Shanty Town, TV mpya kubwa, picha ukungu mtupu. Kumbe king'amuzi kimeungwa kwa zile nyaya za vichwa vitatu, chekundu, cheupe na cha njano. Kile cha njano hakipitishi HD kabisa. Nikaweka waya wa HDMI, ambao hupitisha HD, kazi ikaisha.

Harusi yenu haitatakata. Kilichorekodiwa ndicho kilichopo; TV hubahatisha tu nukta za kujazia. Tena picha ya 4:3 (umbo la TV za zamani za kichogo) ikivutwa ijaze kioo, bibi harusi ananenepa, kwa hiyo irudishe kwa rimoti. Ila DVD za kuchoma huharibika, nakili hiyo mapema.

Kwa sinema za flashi, faili la MB 700 hata likiandikwa 1080 (yaani Full HD), picha yake ni maji tu. Nzuri ya saa mbili mara nyingi huzidi GB 4, na flashi yenye fomati ya FAT32 (mpangilio wa kuhifadhi mafaili) hailipokei. Dawa ni kuifomati kwa exFAT, lakini TV nyingine haziisomi, hivyo nenda dukani na flashi yako uichomeke kabla hujalipa.