Maswali ya Wasomaji: Kuweka Linux kwenye Kompyuta Mpakato ya Zamani

SWALI: Ndugu Mtaalamu, mimi ni mwalimu wa sekondari mjini Morogoro. Nina kompyuta mpakato niliyoinunua ikiwa imeshatumika, yenye RAM ya gigabaiti 4 na diski ya kuzunguka ya gigabaiti 500. Inatumia Windows 10 na huchelewa sana kuwaka. Fundi ameniambia haiwezi kupokea Windows 11, kwa hiyo ninunue nyingine, lakini mwalimu mwenzangu ananishauri niweke Linux. Sijawahi kubadilisha mfumo wa kompyuta, na humo ndimo ilimo mitihani yote niliyotunga pamoja na alama za wanafunzi. Je, nitaweza kuifanya kazi hii mwenyewe bila kupoteza chochote?

JIBU: Mwalimu, utaweza. Fundi wako amesema kweli kuhusu Windows 11, kwani inadai prosesa ya miaka ya karibuni na chipu ya usalama ya TPM 2.0, ambayo mashine nyingi za zamani hazina. Windows 10 nayo ilifikia mwisho wa masasisho yake ya kawaida ya usalama tarehe 14 Oktoba 2025. Hata hivyo, kompyuta kukataliwa na mfumo mmoja si dalili kwamba imeharibika, na sikubaliani kabisa na ushauri wa kuachana na mashine ambayo bado inaandika, inachapisha na kuingia kwenye intaneti.

Linux ni mfumo endeshi kama Windows, ila hutolewa bure katika matoleo mengi, na kwa anayeanza ninapendekeza Linux Mint ya aina ya Xfce, kwa sababu ni nyepesi na mpangilio wa menyu yake hautakuwa mgeni kwa mtu aliyezoea Windows. Inaweza kuendeshwa kwa RAM ya gigabaiti 2, lakini hizo 4 ulizo nazo ndizo zinazoridhisha.

Kabla ya yote, nakili mitihani na alama kwenye diski ya nje, kisha zifungue faili kadhaa kwenye kompyuta nyingine, kwa maana nakala ambayo haijafunguliwa mahali pengine haijathibitishwa. Baada ya hapo pakua faili la ISO, yaani faili moja lenye mfumo mzima, kutoka tovuti rasmi ya Linux Mint. Ni la takriban gigabaiti 3, hivyo ni afadhali kutumia Wi-Fi ya shule kuliko bando la simu. Faili hilo huandikwa kwenye flashi ya gigabaiti 8 kwa programu kama Rufus au balenaEtcher, na kila kilichomo kwenye flashi hiyo kitafutika. Kulinakili tu kama unavyonakili picha hakutoshi, kwa sababu kompyuta haitaweza kuwaka kutokea hapo.

Zima kompyuta, chomeka flashi, kisha iwashe huku ukibonyeza kitufe cha kuchagua chanzo cha kuwakia: kwa Dell na Lenovo nyingi ni F12, na kwa HP nyingi ni F9. Linux itafunguka kutoka kwenye flashi bila kubadilisha chochote kwenye diski yako, na hapa ndipo ninapowasihi wanaoanza wasiharakishe. Jaribu sauti, kamera, Wi-Fi na printa ya shule. Ikiwa Wi-Fi haionekani, jambo linalotokea hasa kwenye chipu za Broadcom, unganisha simu kwa waya wa USB na ushiriki intaneti yake, kisha utafute draiva (programu inayouwezesha mfumo kutumia kifaa hicho) kwenye kidhibiti cha draiva kilichomo ndani ya Mint. Fungua pia mitihani yako kwa LibreOffice, programu za ofisi zilizomo ndani ya Mint. Mingi itafunguka vizuri, lakini majedwali na milinganyo inaweza kusogea, kwa hiyo ikague kwa makini na uihifadhi kama PDF kabla ya kuichapisha.

Ukiridhika, kisakinishi kitakuuliza kama unataka kuweka Linux kando ya Windows au kufuta diski yote. Ningekuwa mimi, nisingechagua lolote kati ya hayo kwenye diski hiyo. Ningenunua SSD (diski isiyozunguka, iliyo ya haraka zaidi) ya SATA ya inchi 2.5, nikamwomba fundi aifunge mahali pa diski ya kuzunguka, nikaweka Linux humo, na ile ya zamani nikaihifadhi kabatini pamoja na Windows na kazi zangu zote. Ukishindwa au usipoipenda Linux, unairudisha diski ya zamani. Zaidi ya hayo, ucheleweshaji wa kompyuta ya aina yako mara nyingi hutokana na diski ya kuzunguka, na Linux peke yake haitauondoa wote. Wakati wa kusakinisha acha chaja ikiwa imechomekwa, na usifanye kazi hii katika wiki ya mitihani.

SWALI: Nina kompyuta ndogo ya zamani yenye prosesa ya biti 32 na RAM ya gigabaiti 1. Je, nami niweke Linux Mint? Msomaji, Mombasa.

JIBU: Hapana, kwa kuwa Linux Mint 22 inahitaji prosesa ya biti 64. Jaribu antiX, toleo jingine la Linux ambalo limetengenezwa kwa ajili ya mashine dhaifu na limekuwa likitolewa pia kwa biti 32. Itakufaa kwa kuandika na kusikiliza muziki, lakini tovuti za siku hizi zenye video zitailemea hata baada ya mabadiliko hayo, na kwa kazi hizo singekushauri uigharimie.