Mume wangu alimeza dawa kimya kimya. Je, nami ni mgonjwa?

*Shangazi, hujambo? Nina miaka 31, naishi Kayole na mume wangu na binti yetu wa miaka 10. Mwezi jana nikifua suruali yake nilipata pakiti ya doxycycline mfukoni, vidonge vinne vimebaki. Aliniambia ni vya malaria. Mimi sina maumivu wala uchafu wowote, ila huu ni mwaka wa pili tunatafuta mtoto na sipati. Rafiki yangu anasema ninunue dawa hiyohiyo nimeze, halafu nijisafishe ndani kwa maji ya chumvi. Naogopa kwenda hospitali, wataniona malaya. Nifanyeje?*

Mwanangu, barua yako nimeisoma mara tatu, na kila mara nimekwama pale unaposema huna maumivu. Hapo ndipo wanawake wengi walipopotelea.

Unahofia ugonjwa wa zinaa, basi sikiliza. Mwanamume akishikwa na kisonono, mara nyingi siku chache tu anajua: mkojo unamchoma, usaha unatoka. Sisi ugonjwa hutuingilia kwa ndani, kwenye shingo ya kizazi, mahali usipopaona wala kupagusa. Wanawake wengi wenye klamidia, ugonjwa mwingine wa zinaa, hawahisi chochote, na wengi wenye kisonono ni vivyo hivyo. Vijidudu vikiachwa huweza kupanda taratibu hadi kwenye mirija ya uzazi na kuacha makovu. Ule mrija ni mwembamba sana, kovu dogo linatosha kuuziba. Ukizibwa wote, yai halipiti. Ukizibwa nusu, mbegu inapita lakini mimba inaweza kukwama njiani, ikaanza kukua nje ya mfuko wa uzazi.

Mdogo wangu yalimpata hayo. Alikuwa amekaa kwenye kigoda anafua, akasema bega linamuuma. Bega! Tukadhani ni ndoo za maji alizobeba asubuhi. Baada ya nusu saa alikuwa amelala sakafuni, midomo imebadilika rangi. Mrija ulikuwa umepasuka na damu imejaa tumboni. Alipasuliwa usiku huo akapona, lakini mrija mmoja ulikatwa. Miaka miwili kabla ya hapo alikuwa amejinunulia vidonge vichache kwenye duka la dawa, uchafu ukakoma, akaridhika. Kwa hivyo mtu akiniambia hahisi kitu, mimi situlii.

Sasa tuje kwa mumeo. Doxycycline kweli hutumika kuzuia malaria, na mimi siwezi kumwita mwongo nikiwa mbali. Lakini ndiyo pia dawa ya klamidia: kidonge cha miligramu 100 asubuhi na jioni kwa siku 7, jumla vidonge 14. Kama alikuwa anajitibu klamidia, huenda hivyo vinne vilivyobaki vinamaanisha hakumaliza. Tena pakiti haisemi ugonjwa ulitoka kwa nani wala lini, maana klamidia huweza kukaa mwilini miezi mingi bila dalili. Linaloniuma ni moja tu: kama alijijua mgonjwa, alijitibu akakuacha. Mmoja akitibiwa na mwingine akaachwa, mnarudishiana tu.

Vile vinne usivimeze, wala usinunue vingine. Unatafuta mimba, huenda hata sasa ipo changa, na doxycycline kwa kawaida mjamzito hapewi. Kuna dawa nyingine ya kumfaa. Pia kama ni kisonono haitoshi. Kisonono kimezoea dawa nyingi, siku hizi hutibiwa kwa sindano ya ceftriaxone. Na maji ya chumvi, tafadhali, yaache kabisa. Ndani ya uke kuna bakteria wazuri wanaokulinda. Ukiwaosha unabaki wazi, na maambukizi yakiwapo unaweza kuyasukuma juu.

Kuhusu kuitwa malaya. Tangu miaka ya 1980, wanawake wa Majengo, Pumwani, waliokuwa wakiuza miili walikubali kupimwa mara kwa mara na watafiti wa Chuo Kikuu cha Nairobi na wenzao wa Manitoba, Canada. Ni wanawake hao waliosaidia kuonyesha kwamba vidonda vya sehemu za siri na klamidia humwongezea mwanamke hatari ya kuambukizwa virusi vya Ukimwi. Majirani waliwatukana kwa jina hilohilo unaloliogopa, nao wakaenda kliniki. Wewe ni mke wa mtu unayetafuta mtoto. Nenda.

Kama unahofia macho ya Kayole, panda matatu ushuke mjini. Kituo cha afya cha Casino, kule River Road, kimejulikana miaka mingi kwa kutibu magonjwa haya. Muuguzi hatashtuka kukuona. Mwambie wazi: "Nimekuta mume wangu na dawa, na sishiki mimba." Omba upimwe klamidia, kisonono, kaswende na virusi vya Ukimwi. Kaswende usiidharau kwa kuwa kidonda chake hakiumi na hupona chenyewe. Ikikutangulia kwenye mimba inaweza kuua mtoto tumboni, ilhali penisilini inaitibu. Kwa umri wako, uliza pia kuhusu uchunguzi wa shingo ya kizazi. Saratani yake husababishwa na virusi vya HPV, ambavyo pia huambukizwa kwa ngono. Na binti yako yuko kwenye umri wa chanjo ya HPV, inayotolewa nchini tangu 2019 kwa wasichana kuanzia miaka 10. Hilo ni jambo jingine, lakini muulize muuguzi siku hiyohiyo.

Ukikutwa na ugonjwa, mumeo naye atibiwe, na msilale pamoja hadi nyote mmalize dawa na siku 7 zipite. Rudi upimwe tena baada ya miezi mitatu. Mwambie mchana, mkiwa mmetulia, ukiwa na karatasi ya majibu mkononi. Kama ni mtu wa ngumi, usimwambie mkiwa peke yenu. Nambari 1195 hupigwa bure kwa wanaodhulumiwa nyumbani. Mimba ikichelewa hata baada ya matibabu, mwombe daktari aangalie mirija yako kwa picha, na mbegu za mumeo zipimwe pia. Usiubebe mzigo huo peke yako.

Kabla hujatoka nyumbani, andika tarehe ya hedhi yako ya mwisho. Utaulizwa mapema. Na ile pakiti, ibebe.