Maswali Yenu: Tunaokota makopo kila Ijumaa, halafu iweje?

SWALI: Habari za kazi mhariri. Mi ni mwalimu wa sekondari Tanga, nasimamia klabu ya mazingira. Kila Ijumaa watoto wanaokota makopo ya maji wanajaza viroba, Jumatatu gari linakuja linachanganya yote na maganda ya ndizi linaenda kumwaga dampo. Sasa nimeambiwa niwafundishe uchumi mzunguko, yaani vitu virekebishwe na kutumika tena na tena badala ya kutupwa, nianzie wapi?

JIBU: Pole na kazi mwalimu, ila hiyo ya Ijumaa ni usafi tu, kopo halijazunguka popote, limehama toka uwanjani kwenda dampo. Mi ningeanzia sokoni. Wapeleke yadi ya skrepa wamuulize yule jamaa wa mizani ananunua nini, anakataa nini na kwa nini, watoto wataelewa kutenganisha taka fasta kuliko noti za ubaoni. Mkiuza, daftari la hela washike wenyewe. Itakuwa kidogo, ndio, makopo ni mepesi na yanajaza gari hivyo nauli inakula bei, basi wapigie hesabu hiyo pia na wajifunze kuyabonda kwanza.

Halafu chukua ndoo ya maji, kata kipande cha chupa ya maji na kipande cha kizibo chake, tumbukiza vyote. Chupa inazama, kizibo kinaelea! Ni plastiki mbili tofauti, ile ya chupa yenye namba 1 kitakoni ni nzito kuliko maji, na ukiyeyusha zote pamoja unapata kitu hovyo. Viwandani nako wanazitenga kwa maji hivyo hivyo. Mwalimu wa fizikia mwite, densiti ndo hiyo.

Wakikwambia plastiki haina maana wape habari za Flipflopi, lile jahazi la Lamu la plastiki tupu lililofunikwa kandambili kama 30,000, liliingia majini 2018 na mwaka uliofuata likasafiri mpaka Zanzibar. Rangi zake zinapendeza kwenye picha, sawa, ila mi kinachonivutia ni kwamba fundi Ali Skanda na wenzake walitumia ufundi uleule wa majahazi ya mbao. Kwa hiyo lete mafundi shuleni, wa viatu, wa redio, wa cherehani, kitu kirekebishwe kabla hata hatujafikiria kukiyeyusha. Klabu nyingi zinaruka hapo zinakimbilia kukata chupa ziwe vyungu vya maua, mwaka kesho ni taka tena.

SWALI: Bro mi kidato cha tatu Mbeya, nataka kufuga wale funza wa nzi weusi wanaokula mabaki ya jikoni ili nilishie kuku, mama anasema ntaleta magonjwa. Nimwambieje?

JIBU: Usibishane nae dogo. Mweleze kwa upole kwamba huyo nzi haumi, na sio yule anayezengea ubwabwa mezani. Kuhusu harufu mama ana pointi, mabaki yakiwa majimaji yatanuka kweli, kwa hiyo yachuje, changanya na pumba, funika kwa chandarua, weka mbali na jiko. Anza na beseni moja tu, na mifupa usiweke, hawaiwezi.