Ukipewa kazi ya kufyeka barabara, anza na njia ya maji

Wenzangu wa Tabora mnaofanya vibarua vya barabara, au kikundi chenu kimepata kazi ya kufyeka pembeni ya lami, naomba mnisikilize kabla mvua hazijaanza maana mwezi wa kumi na moja si mbali. Nimefanya hizi kazi misimu kadhaa, za lami upande wa Urambo na za moramu, yani changarawe, vijijini Sikonge, na kila mahali naona kitu kilekile, watu wanafyeka ili barabara ionekane safi, wakati kinachoiua ni maji kukosa pa kutokea.

Iko hivi. Lami inajengwa na mgongo, katikati imeinuka kidogo, asilimia 2.5 hivi, mvua ikinyesha maji yateremkie mtaroni. Sasa majani yakiota palepale lami inapoishia yanakamata vumbi na mchanga, msimu wa kwanza huoni kitu, unaofuata udongo umepanda, baadae bega la barabara, ule ukanda wa udongo pembeni ya lami, liko juu kuliko lami yenyewe na maji yanatuama ukingoni. Yanapenya kwenye nyufa, yanalainisha kifusi cha chini, lori likikanyaga hapo lami inaanza kumeguka. Yani ukikuta lami imeliwa kingo, kabla hujamlaumu mkandarasi angalia kwanza kama maji yana njia.

Kwaiyo ukienda na fyekeo peke yake umefanya nusu ya kazi. Beba jembe na chepe, kwangua ule udongo pamoja na mizizi yake mpaka bega lishuke chini ya lami, alafu utupeni mbali, ng'ambo ya mtaro. Sio ndani ya mtaro jamani! Nimeona watu wanausukumia mle mle na majani yote waliyofyeka, mvua kubwa ya kwanza inasomba kila kitu mpaka kwenye kalavati, lile bomba la kupitisha maji chini ya barabara, linaziba, maji yanapita juu ya barabara.

Ila kwenye mteremko wa tuta, ule udongo ulioinuliwa kubeba barabara, msing'oe kabisa. Pale mizizi ndo inashika udongo, fyekeni yabaki mafupi basi. Kwa wenzetu wa Kigoma, kule kwenye milima ya Manyovu na Kasulu, mkiacha tuta tupu korongo linaanza kidogo chini na linapanda hadi linakula lami.

Miti nayo. Tabora tunaipenda miembe yetu na mimi naitetea, lakini mti mkubwa karibu na lami kwenye udongo mweusi wa mbuga unanyonya maji kiangazi, udongo unasinyaa, unaona ufa mrefu unaifuata barabara. Pandeni mbali. Na mkumbuke hifadhi ya barabara kuu, yani eneo lililotengwa kwa ajili ya barabara, ni mita 30 kila upande kuanzia katikati, ulizeni TANROADS (wakala wa barabara kuu na za mikoa) au TARURA (wakala wa barabara za vijijini na mijini) kabla ya kupanda au kukata.

Alafu tusiyabebeshe majani lawama zote, mzigo unaua sana. Majaribio makubwa ya barabara yaliyofanyika Illinois, Marekani, 1958 hadi 1960 yalionyesha madhara yanapanda kwa kasi kuliko uzito, mzigo kwenye ekseli, yani mhimili wa magurudumu, ukizidi kwa asilimia 20 uharibifu unakaribia kuwa mara mbili. Sasa fikiria lori la tumbaku limejaza kupita kiasi, kwenye moramu iliyolowa, njia ambayo haina hata mizani. Nyie wenye magari, masika punguzeni mzigo, au subirini siku mbili tatu barabara ikauke, kwakweli nawasihi.

Na kwa viongozi wa vikundi, mvua ya kwanza ikinyesha vaeni makoti mtembee kipande chenu chote wakati bado inanyesha. Kila mahali maji yamesimama chomeka kijiti pembeni. Kesho yake anzeni kuchimba kwenye vijiti, kufyeka kunaweza kusubiri wiki.