Spea ya Land Rover isiyoharibika

Mhariri, wiki hii mmetuuliza: "Umewahi kuuza kitu kisicho na kazi yoyote? Mnunuzi ulimwambia nini?" Nimeuza, na hayo niliyomwambia ndiyo yaliyokuwa bidhaa yenyewe.

Nina banda la spea za mtumba hapa Dodoma, upande wa Majengo. Shemeji yangu alikuja kutoka Kongwa na chuma alichokiokota shambani mvua ilipochimba korongo. Kizito, kina tundu katikati, meno upande mmoja na kutu kila mahali. Mafundi wa jirani walikigeuzageuza. Mmoja akasema cha giaboksi ya trekta, mwingine cha mashine ya kusaga, wa tatu akashauri tukipeleke skrepa kabla hakijamwangukia mtu mguuni. Skrepa kingelipa soda moja tu. Nikakitundika msumarini, nikakata boksi na kuandika:

"SPEA HALISI YA LAND ROVER YA 1948. Inapunguza ulaji wa mafuta gari likiwa limezimwa. Inaingia kwenye gari lolote lisilotembea. Haijawahi kuharibika kwa sababu haijawahi kufanya kazi. Garantii: mpaka mlangoni."

Sikutegemea watu waje kubishana na kipande cha boksi. Mzee mmoja, dereva mstaafu, aliingia na "Mbukwenyi" yake, salamu ya Kigogo, akavaa miwani, akasoma mpaka mwisho, akaniambia hapo umepotoka, mwanangu. Land Rover za mwanzo bodi yake ni aluminiamu, maana baada ya vita chuma kule Uingereza kilikuwa cha mgao. Inabonyea, kutu haioti; kutu utaitafuta kwenye chasisi. Nikachukua kalamu mbele yake nikaongeza: "Hii ina kutu, ndiyo maana kiwanda kiliitoa." Alicheka mpaka akatafuta tairi la kukalia.

Nikanogewa. Nikaandika upya: "Mfuniko wa rejeta ya Volkswagen Beetle." Vijana wawili wa chuo wakauliza bei kwa adabu zote, na jirani yangu fundi akashindwa kujizuia: Beetle injini iko nyuma na inapozwa kwa hewa, rejeta unaitoa wapi? Vijana wale ndio waliocheka kutuzidi sote. Kesho yake wakaleta wenzao waje kuulizia bei.

Kitu kimoja tu nilikataa kuandika. Yule mzee alinikumbusha kwamba Kongwa ndiko Waingereza walikoanzisha ule mradi mkubwa wa karanga mwaka 1947. Walileta mitambo iliyobaki vitani, hata vifaru vya Sherman vikageuzwa matrekta ya kung'oa vichaka. Mvua zikagoma, udongo ukakauka ukawa kama sakafu ya saruji, na kufikia 1951 mradi ulikuwa umekufa. Basi chuma cha shemeji huenda ni cha mitambo ile, akasema, andika hivyo upate hela ya maana. Huenda kweli. Lakini hilo mtu angeliamini, na mimi sina ushahidi nalo. Uongo wa kwenye boksi langu ulikuwa wa kila mtu kuutambua kabla hajagusa mfuko, tofauti na wa wale wanaofunga breki pedi feki kwenye boksi jipya lenye nembo na kukuuzia uso mkavu, wewe unashuka nazo mlima. Wale hawachekeshi, na sijui kwa nini tunawaita wajanja.

Mnunuzi alikuwa mtumishi mmoja wa ofisi za serikali, shati limenyooka, hana gari hata moja. Nilitaja elfu kumi, tukakubaliana saba. Boksi nalo alilitaka, akasema bila maandishi chuma hakina thamani, na hapo sikuwa na la kubisha. Kisha akasimama palepale akadai risiti.

Nikaiwasha mashine. Niandike nini? Nikapendekeza "chuma chakavu". Akakataa katakata, alisema yeye hakununua chuma chakavu, na bosi akisikia elfu saba imeenda kwenye chuma chakavu ataonekana mpumbavu. Tulivutana, mafundi wakaacha kazi zao kuja kuamua. Mwishowe risiti ilitoka imeandikwa: "SPEA L/ROVER, HAIFANYI KAZI, 1." Aliisoma mara mbili, akaikunja na kuitia kwenye pochi, kisha akauliza kama mfuniko wa rejeta ya Beetle bado upo.