Kabla Hujanunua Wavu: Vifaa vya Kuanzia Kuwinda Sungura kwa Fereti

Siku yangu ya kwanza nilikwenda na nyavu 30 mpya, buti mpya, na kisu ambacho hakijawahi kukata hata kamba. Jioni nikarudi na sungura wawili, nyavu 29, na sanduku tupu. Fereti wangu, mnyama mwembamba ninayemwingiza mashimoni ili awatimue sungura, alibaki chini ya ardhi. Alikuwa amemkamata sungura kwenye handaki lisilo na mlango wa pili, akamla, akashiba, akajikunja na kulala. Mimi juu nikapiga magoti kwenye tope, nikamwita mpaka sauti ikanikauka.

Kwa bahati, mzee mmoja aliyekuwa akiniangalia kwa huruma alinifundisha hila ya zamani: ziba mashimo yote isipokuwa moja, weka sanduku mlangoni na matandiko yake ndani, nenda nyumbani. Alfajiri nilimkuta amelala humo kama hakuna lililotokea. Si kila mtu hupata bahati hiyo. Tangu siku ile kila kifaa nakipima kwa swali moja: kitanisaidiaje kumrudisha fereti wangu? Nawe ukilishika swali hilo, utaokoa fedha nyingi.

Kwa wale ambao hata jina la fereti ni geni kwao: ni mnyama mwembamba mrefu, jamaa wa kicheche, aliyefugwa na watu kwa zaidi ya miaka 2000. Kazi yake ni kuingia kwenye mashimo ya sungura wa mwitu wa Ulaya, wale wanaoishi kwa makundi kwenye mahandaki yaliyoungana. Sungura akinusa harufu yake hutoka mbio, na mlangoni anangojwa na wavu. Fereti hatakiwi kukuletea windo kama mbwa. Yeye anatisha tu, kukamata ni juu yako. Ndiyo maana wengi tunapendelea kuanza na jike, kwa kuwa ni mdogo kuliko dume, hupita kwa wepesi, na si rahisi ambane sungura mkubwa na kumuulia huko huko chini.

Basi kifaa cha kwanza kununua, hata kabla ya wavu, ni cha kutafutia. Kina sehemu mbili: mkanda wa shingoni wenye kitoa mawimbi kidogo, na kipokezi unachokishika mkononi. Vingi vya siku hizi husoma kina cha hadi mita 5 hivi, na mashimo mengi hayafiki huko. Usinunue mkanda mmoja ukiwa na fereti wawili. Nimewahi kumsikia mtu akisema yule wa pili "atamfuata mwenzake". Hatamfuata.

Mkanda uubane kiasi cha kutovuka kichwa, lakini asikabwe. Ukilegea, utaukuta umenasa kwenye mzizi, na wewe umechimba mita moja na nusu kuufukua mkanda mtupu. Betri iweke mpya asubuhi ya siku ya kazi, kisha jaribu tena ukiwa mlangoni pa shimo, fereti akiwa bado mkononi. Zungushia utepe mahali betri inapofungwa ili unyevu usiingie. Na kabla ya kwenda porini, fanya mazoezi nyumbani: mtu akufichie mkanda chini ya ndoo au rundo la majani, wewe uutafute hadi ujue mlio wa kipokezi unavyobadilika ukikaribia na ukipita. Uzio wa umeme na nyaya za umeme zinaweza kuvuruga usomaji, kwa hiyo usishtuke kipokezi kikianza kuropoka karibu na malisho ya ng'ombe.

Kipokezi bila sepetu ni sawa na kujua mwizi yuko chumba gani na huna ufunguo. Chagua sepetu yenye bamba jembamba na refu, si beleshi la kuzolea mchanga. Shimo unalotaka ni la kuingiza mkono, si kaburi. Ukishapata mahali mlio ulipo mkali zaidi, soma kina, kisha anza kuchimba pembeni kidogo, usichimbe juu yake moja kwa moja. Sentimita 30 za mwisho weka chuma kando na utumie mikono. Sepetu imewaua fereti wengi kuliko sungura walivyowaua, na kila mara aliyeishika alikuwa na haraka. Ukimaliza, rudisha udongo wote na uushindilie. Ng'ombe akivunjika mguu kwenye shimo lako, hutaruhusiwa kukanyaga tena shamba lile.

Sanduku usilidharau. Mbao nyepesi, mkanda wa begani, matundu ya hewa ambayo pua ya fereti haiwezi kuyapanua, na kitasa ambacho hakifunguki sanduku likianguka. Ndani tia nyasi kavu za kutosha. Fereti akitoka shimoni amelowa na anatetemeka, na sanduku ndilo kitanda chake. Usimbebe kwenye gunia, na usimwache kwenye gari juani, kwa maana joto humuua haraka sana. Chukua maji pia, na chakula kidogo. Ile imani kwamba fereti mwenye njaa hufanya kazi vizuri ni ya watu wavivu. Mwenye njaa akikamata atakula, akila atalala, na wewe utachimba. Mlishe kama kawaida, ila usimjaze tumbo asubuhi.

Sasa nyavu, maana najua ndizo ulizokuja kuulizia. Wavu wa mfuko ni kipande cha urefu wa mita 1 hivi, wenye pete mbili na ugwe unaopita pembezoni hadi kwenye kigingi. Sungura akiugonga, ugwe unakaza na wavu unageuka mfuko. Macho ya wavu huwa ya sentimita 5 hivi kutoka fundo hadi fundo. Nyavu 20 zinamtosha anayeanza, kwa sababu anayeanza hana budi kuanza na makazi madogo, yenye milango kumi au kumi na miwili. Ukiona kilima chenye milango 60, kipigie saluti na upite.

Katani hukaa vizuri mlangoni kwa sababu ina uzito, lakini ukiifungia mbichi itaoza. Nailoni haiozi, ila ni nyepesi, hupeperushwa na upepo na hupenda kujifunga kwenye kila kijiti. Mimi natumia nailoni nzito, na hata hivyo huianika. Kigingi kishindilie kweli kweli, juu ya mlango. Kikichomoka, sungura anaondoka na wavu wako. Pete moja ikae chini kwenye kizingiti cha shimo, nyingine juu, na wavu ulale ukifuata umbo la mlango bila kuvutwa wala kurundikana. Ukirundikana ndani, kucha za fereti zitanasa. Sungura akiingia mfukoni, mfikie upesi na ufunike mlango kwa mguu au wavu wa akiba, maana nyuma yake huenda kuna mwenzake.

Na zihesabu. Zifunge kumi kumi, zihesabu ukitega na uzihesabu ukitegua. Ule wavu wangu wa 30 niliupata wiki mbili baadaye, na ndani yake palikuwa na kalunguyeye, amekufa. Sitasema zaidi juu ya hilo. Siku hizi nafunga utepe wa rangi kali kwenye kila kigingi.

Vitu vidogo nitavipita mbio: mkasi wa bustani wa kukatia miiba iliyoziba milango, glavu, kurunzi, kisu kikali, dawa na bandeji. Viatu viwe vya kimya, maana sungura husikia kishindo kupitia ardhini, na gumzo la watu wawili linatosha kuwafanya wang'ang'anie chini. Kumuua sungura kwa haraka bila kumtesa hakuna kifaa kinachokufundisha. Nenda na mtu anayejua, utazame mikono yake, ndipo ujaribu.

Mbwa wa kunusa mashimo yenye sungura ni hazina, lakini mbwa asiyezoea fereti ni msiba. Mwache nyumbani mwaka wa kwanza. Nyavu ndefu za mita 50 au 100 zinazozungushwa nje ya makazi yote ni nzuri kwa vichaka vikubwa, ila zinataka mikono mingi na uvumilivu wa mvuvi. Kifunga mdomo usikinunue kabisa. Maandishi ya kale kuhusu Iberia, yaani Hispania na Ureno za leo, yanaeleza fereti wakiingizwa mashimoni wakiwa wamefungwa midomo, na mpaka leo wapo wanaouza kifaa hicho. Fereti aliyepotea mdomo umefungwa hawezi kula wala kujitetea mbele ya panya wakubwa.

Ruhusa ya mwenye shamba nimeiacha mwisho, ila itafute kwanza, na iwe ya maandishi. Uliza pia sheria ya nchi uliyopo. Uingereza kazi hii ni ya kawaida, na msimu wake ni Oktoba hadi Machi, majani yakiwa yamepungua na vitoto vikiwa vichache mashimoni. Fereti akikuta kiota cha vitoto, hatoki. New Zealand ni kinyume. Fereti walipelekwa huko karne ya 19 kupunguza sungura, wakazagaa porini, wakageuka adui wa ndege wasioruka kama kiwi, na tangu 2002 hairuhusiwi kuwauza wala kuwazalisha. Mahali kama hapo fereti mmoja anayepotea ni hasara ya nchi nzima.

Ukirudi nyumbani, kabla hujavua buti, mtoe fereti sandukuni, vua mkanda wake na uondoe betri. Mpapase: makucha, masikio, shingo mahali mkanda ulipokaa, na jeraha lolote la mateke ya sungura. Uliza daktari wa mifugo kuhusu chanjo ya ugonjwa wa distempa ya mbwa, kwa kuwa fereti huambukizwa na mara nyingi haponi. Mpe chakula, mbadilishie nyasi zilizolowa. Kisha toka nje ukaanike nyavu zako ishirini, moja moja, ukihesabu.